Injini haikuulizwa inanyonya nini

Ukishuka treni Kew Bridge, magharibi mwa London, jicho linakimbilia mnara mwembamba wa matofali wenye urefu wa kama mita 60. Wengi hudhani ni dohani ya kiwanda cha zamani. Mnara ule haujawahi kutoa moshi hata siku moja. Ndani yake mmesimamishwa mabomba, na matofali yalijengwa mwaka 1867 ili kuyakinga mabomba hayo na baridi ya kugandisha. Injini za mvuke zilizokuwa chini yake zilipandisha maji hadi kileleni, kisha yakaachwa yashuke kwa uzito wake yenyewe kwenda majumbani.

Kituo hicho cha kusukuma maji kilianza kazi mwaka 1838, mwaka mmoja baada ya Malkia Victoria kukalia kiti, na kilikuwa mali ya kampuni binafsi iliyoitwa Grand Junction. Leo ni makumbusho. Wageni huingia, wakaona mitambo mirefu kama nyumba ya ghorofa tatu, wakapiga picha, wakatoka wakisema watu wa kale walikuwa na akili. Ni kweli, akili walikuwa nayo. Ila sifa zote zinamwagiwa chuma, na mimi naona habari yenyewe iko kwenye mdomo wa bomba, pale lilipotumbukizwa mtoni, na kwenye chumba cha mkutano ambamo watu wachache waliamua litumbukizwe wapi.

Hata hivyo tuanze na chuma, maana kinastahili. Mwaka 1846 kampuni ilisimika injini iliyotengenezwa Hayle, mji mdogo wa Cornwall, kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza. Silinda yake ina kipenyo cha inchi 90, karibu mita 2.3, mtu mzima anaweza kulala ndani akajinyoosha asiguse ukuta. Juu yake imelazwa boriti ya chuma yenye uzito wa zaidi ya tani 30, imeshikiliwa katikati, inapanda huku na kushuka kule kama ubao wa bembea ya watoto. Mvuke unaingia juu ya pistoni. Chini ya pistoni hamna kitu, kwa sababu mvuke wa pigo lililopita umepozwa kwa maji baridi ukawa matone, na pale ulipokuwa pamebaki ombwe. Pistoni inavutwa chini, upande wa pili wa boriti unanyanyuka na shehena yake ya vyuma, na pampu inanyonya. Kisha valvu inafunguka, mvuke unahamia chini ya pistoni, na ile shehena inaachwa ishuke taratibu. Hapo ndipo maji yanaposukumwa. Watu husema mvuke ulisukuma maji ya London, na si hivyo hasa. Mvuke ulinyanyua mzigo, mzigo ndio ukasukuma maji. Pigo moja lilitoa zaidi ya lita 2,000, na injini kubwa zaidi iliyofuata miaka ishirini na kitu baadaye, ya silinda ya inchi 100, ilitoa zaidi ya lita 3,200.

Sasa fikiria bomba kuu limepasuka mtaani mzigo ukiwa njiani kushuka. Upinzani wa maji unatoweka, tani zote zile zinaporomoka, injini inajivunja yenyewe. Ndiyo maana ya ule mnara: maji yaliyosimama ndani yake yaliipa pampu kitu cha kusukumana nacho hata kama huko nje mambo yameharibika. Fundi aliyelifikiria hilo namvulia kofia.

Mashine ya aina hii haikuzaliwa kwa ajili ya maji ya kunywa. Ilizaliwa migodini. Cornwall ilikuwa na shaba na bati tele, lakini haikuwa na makaa ya mawe. Makaa yaliletwa kwa meli kutoka Wales, na kila tani iliuma. Migodi nayo ilijaa maji usiku na mchana. Basi wenye migodi wakaanzisha jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko injini yoyote: kuanzia mwaka 1811 walitoa ripoti ya kila mwezi, iliyochapishwa na kusomwa na wote, ikionyesha kila injini imenyanyua maji kiasi gani kwa kiasi gani cha makaa. Injini ya fulani imeshika namba moja, ya fulani imeshuka. Mafundi waliaibishana kwenye karatasi. Ndani ya miaka michache ufanisi ulipanda kwa kiwango ambacho watu wa London, waliokuwa wakiringia injini zao za kampuni ya Boulton na Watt, hawakukiamini. Mhandisi Thomas Wicksteed alipoleta injini ya Cornwall kwenye kampuni ya maji ya East London, kituo cha Old Ford, mwishoni mwa miaka ya 1830, aliipima akakuta inafanya zaidi ya mara mbili ya kazi ya zile za zamani kwa makaa yale yale. Kew nao wakafuata, hata injini zao kuukuu wakazifumua na kuzigeuza zifanye kazi kwa mtindo huo.

Kwa hiyo usiniambie watu wale hawakujua kupima. Walipima makaa hadi kipande cha mwisho, kwa sababu makaa yalitoka mfukoni mwa kampuni. Uchafu wa maji haukuwa na ripoti ya kila mwezi. Huo uliishia tumboni mwa mteja.

Katika makumbusho ya Kew kuna injini iliyo kongwe kuliko kituo chenyewe. Ni ya Boulton na Watt, ya mwaka 1820, na kazi yake ya kwanza haikuwa Kew bali Chelsea, karibu zaidi na katikati ya jiji. Kampuni ya Grand Junction ilianzishwa mwaka 1811 kwa ahadi ya kuwapa watu wa magharibi mwa London maji ya mfereji wa meli, masafi kuliko ya mto. Yale ya mfereji yakawa mabaya. Kampuni ikahamia mto Thames, ikaweka mdomo wa bomba lake Chelsea, chini ya kijumba cha mbao kilichoitwa Pomboo. Hatua chache tu kutoka hapo ulikuwa mdomo mwingine: mtaro mkuu wa Ranelagh, uliokuwa ukitapika uchafu wa sehemu kubwa ya mji huo huo wa magharibi. Wenye nyumba nzuri walikuwa wakivuta choo, na baada ya muda wakilipia kurudishiwa.

Mwaka 1827 mwandishi John Wright alichapisha kijitabu kuhusu Pomboo na mtaro wake, na mji ukachafuka tumbo. Mwaka uliofuata mchoraji William Heath akatoa katuni ya bibi aliyetazama tone la maji ya Thames kwa hadubini: amedondosha kikombe chake cha chai kwa hofu, na ndani ya tone mnaogelea mazimwi yenye mikia, magamba na meno. Tume ya kifalme ikaundwa mwaka 1828, ndani yake yumo mhandisi maarufu Thomas Telford. Wataalamu wakatoa ushahidi, kampuni zikaleta wa kwao, na kama ilivyo ada ya tume, ripoti ikaandikwa vizuri. Lililofanyika upesi lilikuwa moja: kampuni jirani ya Chelsea, chini ya mhandisi James Simpson, ilifungua chujio la mchanga mwaka 1829. Maji yalimwagwa juu ya tabaka la mchanga yakashuka taratibu. Walidhani mchanga unachekecha tu, kama chekeche la unga. Miaka mingi baadaye ndipo ilipojulikana kwamba juu ya mchanga huota utando wa viumbe hai wadogo, na hao ndio wanaokula vijidudu. Chujio lilifanya kazi kabla ya mtu yeyote kujua kwa nini.

Grand Junction walichagua kuhama. Kew iko juu zaidi mtoni, na hapo ndipo kilipozaliwa kituo chenye mnara. Ile injini ya 1820 ikafunguliwa vipande, ikapelekwa huko na kuunganishwa upya. Tatizo ni kwamba Thames ni mto wenye tabia ya bahari. Mtu wa pwani hana haja ya kuelezwa: maji yakipwa yanakwenda, yakijaa yanarudi na takataka zake zote. Kujaa na kupwa kwa Thames kunafika mpaka Teddington, juu zaidi ya Kew. Uchafu wa jiji ulikuwa ukishuka na kupanda na maji hayo mara mbili kwa siku, ukipita mbele ya mdomo wa bomba. Na uchafu wenyewe ulikuwa unazidi. Zamani vinyesi vya London viliishia kwenye mashimo chini ya nyumba, vikazolewa usiku na kuuzwa mashambani kama mbolea. Choo cha kuvuta maji kilipoenea, na wenye mamlaka walipoamuru nyumba ziunganishwe na mitaro ili kuondoa harufu, mzigo wote ule ukaelekezwa mtoni. Kila injini bora iliyoongezwa iliwapa watu maji mengi zaidi ya kuvutia choo, choo kikajaza mto, mto ukarudi kwenye injini.

Uthibitisho wa kutisha ulitoka kusini mwa mto. Kampuni mbili, Lambeth na ile iliyoitwa Southwark na Vauxhall, zilipitisha mabomba katika mitaa ile ile, wakati mwingine nyumba hii kwa kampuni hii na inayofuata kwa nyingine. Zote mbili zilitumia mvuke. Mwaka 1852 Lambeth ilihamisha mdomo wa bomba lake hadi Thames Ditton, juu ya Teddington, mahali ambapo kujaa kwa bahari hakufiki. Wenzao walibaki Battersea. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1854, daktari John Snow alikwenda mlango kwa mlango kuuliza kila nyumba ya marehemu inanunua maji kwa nani. Katika majuma saba ya kwanza, nyumba za Southwark na Vauxhall zilipoteza watu 315 kwa kila nyumba 10,000. Za Lambeth zilipoteza 37. Mtaa mmoja, hewa moja, umaskini mmoja. Tofauti ilikuwa mahali bomba liliponyonya mtoni.

Rudi kidogo utazame tarehe. Wahandisi wa kampuni zote hizi walikuwa na uwezo wa kupeleka bomba juu ya Teddington miaka mingi kabla ya hapo. Hakuna uvumbuzi uliokuwa unasubiriwa. Kilichokosekana ni amri, na amri ilikuja kwa sheria ya maji ya jiji ya mwaka 1852: kampuni zinazonyonya Thames zihame juu ya Teddington kabla Agosti 1855 haijaisha, maji ya kunywa yachujwe, na matangi ya maji yaliyochujwa yaliyo karibu na jiji yafunikwe. Grand Junction wakajenga kituo Hampton, maji yakaanza kuteremka kwa bomba hadi Kew, na injini zile zile zikaendelea kupiga mapigo yale yale. Hakuna skrubu iliyobadilishwa kwenye boriti ya 1846 ili maji yawe salama. Kwa muda wa karibu miaka kumi ilikuwa imesukuma kitu kimoja, kisha ikaanza kusukuma kingine, kwa uaminifu ule ule.

Kabla mtu hajasema basi sheria ilimaliza kazi, kuna Old Ford. Ndiyo, pale pale kwa Wicksteed, ambapo injini ya kwanza ya Cornwall ilipata sifa zake. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi London kikachagua karibu upande wa mashariki peke yake, kikaua zaidi ya watu 5,000. Mtakwimu William Farr alifuata vifo kwenye ramani vikampeleka kwa kampuni ya East London. Mhandisi wa kampuni aliandika gazetini kuapa kwamba hakuna tone lisilochujwa lililowafikia wateja. Baadaye wateja wakaeleza kwamba wamekuta mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, kwenye mabomba yao. Mkunga haupiti kwenye mchanga. Ilibainika kwamba maji ya bwawa lililo wazi yalikuwa yameachiwa yaingie kwenye mabomba, kinyume cha sheria iliyokuwa na umri wa miaka kumi na minne. Injini ya Old Ford ilikuwa ikifanya kazi barabara wakati huo wote.

Kipindupindu hakikuishia kule. Mwaka 1869 na 1870 kiliipiga Unguja vibaya, na James Christie, daktari aliyekuwa akiishi Unguja, alitoa mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu namna ugonjwa huo ulivyosafiri Afrika Mashariki. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870, aliwaletea watu wa Mji Mkongwe maji ya chemchemi ya upande wa Bububu kwa mfereji ambao mabaki yake bado yanaonekana njiani. Maji yalishuka yenyewe. Ni kazi ndogo ukiilinganisha na Kew, bila boriti wala mnara, lakini ilianzia kwenye swali ambalo London ilichelewa kulipa uzito: maji yatoke wapi?

Jingine ambalo wageni wa makumbusho hawaoni ni saa. Kwa sehemu kubwa ya karne ile, maji ya London yalikuja kwa mgao. Fundi wa kampuni alifungua valvu ya mtaa wenu kwa saa mbili tatu, siku kadhaa kwa wiki, kisha akaifunga akaenda mtaa wa pili. Mwenye uwezo alikuwa na tangi darini. Maskini walipanga foleni na ndoo kwenye bomba moja la uani, wakahifadhi walichopata kwenye pipa lisilo na mfuniko. Mtaa nilikokulia maji yalikuja saa nane za usiku. Tulikuwa tukisikia bomba likikohoa hewa, mama anagonga mlango, "Amkeni wanangu, yamekuja!", na tunajaza madumu mpaka mikono inakufa ganzi. Niliposoma maelezo ya wake wa vibarua wa London wa miaka ya 1840 wakigombea zamu bombani, sikuhitaji kamusi.

Kampuni zilidai mgao hauepukiki, eti watu wakipewa maji saa zote watayapoteza na mabomba yatavuja. Hoja hiyo nimeisikia kwa masikio yangu, kwa Kiswahili fasaha, kutoka kwa ofisa mmoja wa maji. Ilishajibiwa Nottingham tangu mwaka 1831. Mhandisi Thomas Hawksley, akiwa kijana wa miaka ishirini na nne, alijenga kituo cha mvuke Trent Bridge kilichotoa maji usiku na mchana, kwa shinikizo la kudumu. Shinikizo hilo lina faida ambayo haionekani: bomba lililojaa linavujisha maji nje, lakini bomba lililofungwa maji na kubaki tupu linanyonya tope la mtaro ulio kando yake kuingia ndani. Kwa hiyo mgao, mbali na kukuamsha usiku, unachafua hata maji yaliyosafishwa. Pamoja na mfano huo kuwepo, London ilisubiri hadi sheria ya mwaka 1871 ndipo zikawekwa taratibu za kuzilazimisha kampuni zitoe maji muda wote, na utekelezaji wenyewe ulikwenda kwa mwendo wa kinyonga.

Kwa nini kampuni hazikuogopa kukimbiwa na wateja? Kwa sababu hakukuwa na pa kukimbilia. Zilishindana vikali miaka michache baada ya 1811, hata mabomba ya kampuni mbili tatu yakalazwa mtaa mmoja na bei zikaporomoka. Kufikia 1817 kampuni za kaskazini ya mto zikaona ni ujinga, zikagawana mitaa. Baada ya hapo mteja wa Grand Junction alikuwa wa Grand Junction hadi ahame nyumba. Ulichukua muda mrefu sana mjadala wa nani amiliki maji, na mwaka 1904 kampuni zote nane zikanunuliwa na kuwekwa chini ya bodi moja ya umma, kwa zaidi ya pauni milioni 40. Wenye hisa hawakuondoka mikono mitupu.

Hadithi hiyo ingefaa kuishia hapo, lakini Waingereza wenyewe waliigeuza. Mwaka 1989 maji ya Uingereza yaliuzwa tena kwa kampuni binafsi. Miaka kumi na minne baadaye wazo hilo lilitua Dar es Salaam: Agosti 2003 City Water, yenye ubia wa kampuni ya Kiingereza ya Biwater, ilikabidhiwa kuendesha maji ya jiji. Mei 2005 serikali ikavunja mkataba. Kesi ikaenda hadi mahakama ya usuluhishi ya kimataifa, ambayo mwaka 2008 ilisema Tanzania ilikiuka mkataba wa uwekezaji lakini haikuamuru fidia. Na kule London, Thames Water, mrithi wa mabomba ya Grand Junction, ilitozwa faini ya pauni milioni 20.3 mwaka 2017 kwa kumwaga majitaka mtoni. Mto ni ule ule.

Mimi si mfuasi wa ubinafsishaji, ila sitasema bodi ya umma ni dawa. Nimekuwa mteja wa umma na madumu yangu ni shahidi. Ninachokitaka ni ile ripoti ya Cornwall. Wadhibiti wa huduma za maji, EWURA Tanzania na WASREB Kenya, hutoa taarifa za kila mwaka zinazozipanga mamlaka za maji kwa ubora, na ni wachache wanaozisoma kama wanavyosoma msimamo wa ligi. Zingebandikwa kila mwezi kwenye kuta za ofisi za kata, zikiwa na saa za maji kwa kila mtaa na majibu ya vipimo vya vijidudu, nina hakika mafundi wetu nao wangeaibishana kama wale wa migodini.

Injini za Kew zilizimwa mwaka 1944, dizeli na umeme vikachukua nafasi. Watu wa kujitolea walianza kuzisafisha kutu miaka ya 1970, na mwaka 1976 ile ya inchi 90 ikaamshwa. Ukibahatika kufika siku ambayo mvuke umewashwa, usiishie kwenye lile jitu. Tafuta ile ndogo ya 1820. Inahema taratibu, imepakwa mafuta, shaba yake inang'aa kama sinia la sikukuu. Mtazame mzee anayeishughulikia akiwa na kitambaa mkononi, mwache amalize kukueleza habari za valvu na boriti, kisha mwulize, kwa adabu, maji yake yalikuwa yakitoka wapi wakati iko Chelsea.